Upigaji picha wa ubongo katika uzee na ugonjwa wa Parkinson

Upigaji picha wa ubongo ni jumla ya njia za kutazama ubongo wa mtu aliye hai bila kufungua fuvu lake. Njia hizo hutumia eksirei, sumaku au dawa zenye unururifu kidogo, na kompyuta ndiyo inayogeuza vipimo kuwa picha. Makala hii inahusu matumizi yake katika mambo matatu yanayoingiliana: kuzeeka kwa ubongo, uwezo wa akili (kumbukumbu, umakini, kupanga mambo) na matatizo ya mwendo, hasa ugonjwa wa Parkinson.

Mambo hayo matatu huchunguzwa pamoja kwa sababu mwilini hayatengani. Mzee anayeanza kusahau mara nyingi hutembea polepole pia, na mgonjwa wa Parkinson, ambaye watu humtambua kwa kutetemeka, anaweza baadaye kupata shida ya kupanga mawazo. Mwaka 1997 watafiti wa Umeå, nchini Uswidi, waliripoti kwamba wakazi wa makao ya wazee ambao walisimama kila walipoanza kuzungumza na mtu njiani walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka katika miezi 6 iliyofuata. Kumbe kutembea kunahitaji akili. Kijana hatambui hilo kwa sababu ana akiba ya kutosha ya kutembea na kuzungumza kwa pamoja.

Kabla ya picha

Ugonjwa wa Parkinson umepewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817 katika kijitabu kifupi. Alieleza habari za watu 6 tu, na baadhi yao aliwaona wakipita barabarani. Aliona vizuri mtetemeko, mgongo uliopinda na hatua fupi za haraka, lakini hakuweza kujua kilichokuwa kikiharibika ndani.

Jibu lilipatikana polepole, kutoka kwa maiti. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, daktari Mrusi aliyekuwa akisoma Paris, alionyesha kwamba wagonjwa waliokufa na Parkinson walikuwa wamepoteza seli katika sehemu ndogo ya shina la ubongo ambayo kwa Kilatini huitwa substantia nigra, yaani dutu nyeusi. Weusi huo unatokana na rangi inayojikusanya ndani ya seli kadiri mtu anavyokua. Mwaka 1960, mjini Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima kemikali katika ubongo wa marehemu na kukuta kwamba dopamini ilikuwa imepungua sana katika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayopokea nyuzi kutoka kwenye dutu nyeusi. Muda mfupi kabla yao, Arvid Carlsson wa Uswidi alikuwa ameonyesha katika wanyama kwamba dopamini ni mjumbe wa ubongo na kwamba kuikosa huzuia mwendo. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2000.

Kutokana na ugunduzi huo ilipatikana dawa ya levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Tangu miaka ya 1960 hadi leo haijapatikana nyingine inayoizidi katika kupunguza dalili. Hata hivyo, maiti huonyesha mwisho wa safari tu. Ugonjwa ulianza lini? Unakwenda kwa kasi gani? Je, dawa inauzuia au inaficha dalili tu? Kwa maswali hayo ilibidi kutazama ubongo unaofanya kazi.

Njia zinazotumika

CT ni eksirei zinazopigwa kutoka pande nyingi na kuunganishwa na kompyuta. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, kwa mashine iliyobuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa ametunga hesabu za kazi hiyo miaka kadhaa kabla, na wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. CT hugundua haraka damu iliyovuja, uvimbe na kiharusi. Kwa ugonjwa wa Parkinson haionyeshi karibu chochote, na jambo hili linafaa kujulikana na kila familia: karatasi ya majibu ya CT iliyoandikwa kwamba ubongo ni wa kawaida haimaanishi kwamba mgonjwa hana Parkinson.

MRI hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio. Hidrojeni iliyomo katika maji ya mwili hujibu mawimbi hayo, na jibu hutofautiana kati ya mafuta, maji na tishu mbalimbali. Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Tesla 3 ni karibu mara 60,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayoelekeza dira. Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2003 kwa kazi yao juu ya njia hii. MRI haina eksirei, hivyo mtu mmoja anaweza kupigwa picha mara nyingi kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo sababu inapendwa na wanaochunguza uzee.

Kuna aina ya MRI inayofuatilia kazi ya ubongo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopoteza oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya, na mashine hunasa tofauti hiyo. Maana yake ni kwamba picha zenye rangi nyekundu na manjano zinazoonekana magazetini hazionyeshi mawazo, wala seli za neva zenyewe. Zinaonyesha mahali damu ilipoongezeka, kwa kuchelewa sekunde kadhaa.

PET ni tofauti kabisa. Mgonjwa huchomwa sindano ya kiasi kidogo sana cha kemikali iliyobebeshwa atomu yenye unururifu. Atomu hiyo hutoa positroni, positroni hugongana na elektroni, na zote mbili hupotea zikiacha miali miwili ya gamma inayokwenda pande zinazopingana. Duara la vitambuzi kuzunguka kichwa hupokea miali hiyo na kompyuta hupiga hesabu ilikotoka. Uzuri wa PET ni kwamba mtafiti huchagua kemikali kulingana na swali lake: glukosi ikiwa anataka kujua matumizi ya nishati, kemikali inayofuata dopamini ikiwa anataka kujua habari za Parkinson. Ubaya wake ni haraka inayodaiwa. Nusumaisha ya florini-18 ni karibu dakika 110, na ya kaboni-11 ni dakika 20 tu, kwa hiyo saiklotroni inayotengeneza kaboni-11 ni lazima iwe karibu na kitanda cha mgonjwa. SPECT ni ndugu wa PET mwenye gharama ndogo na picha hafifu zaidi. Hutumia atomu zinazodumu muda mrefu, kama iodini-123 yenye nusumaisha ya saa 13.

Ubongo unaozeeka

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilogramu 1.3 hadi 1.4. Picha za MRI zinaonyesha kwamba hupungua kidogo kidogo kadiri umri unavyosonga, na vyumba vya majimaji vilivyo katikati yake hupanuka. Upungufu haulingani kila mahali. Sehemu ya mbele, inayohusika na kupanga na kujizuia, hupungua zaidi. Hipokampasi, inayohifadhi kumbukumbu mpya, nayo hupungua kwa takriban asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka katika uzee. Sehemu ya nyuma inayopokea habari za macho haibadiliki sana. Vipokezi vya dopamini navyo hupungua kwa watu wazima wote, hata wasio na ugonjwa wowote. Dean Wong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilionyesha hilo kwa PET mwaka 1984. Kwa hiyo sehemu ya wepesi unaopotea uzeeni, wa mikono na wa akili pia, ni jambo la kawaida la umri.

Mtu angetarajia ubongo uliopungua utumie sehemu chache. Picha za utendaji zilionyesha kinyume chake. Roberto Cabeza na wenzake, katika utafiti waliotoa mwaka 2002, walilinganisha vijana, wazee wenye kumbukumbu dhaifu na wazee wenye kumbukumbu nzuri. Katika jaribio la kukumbuka, vijana walitumia zaidi upande mmoja wa sehemu ya mbele ya ubongo. Wazee wenye kumbukumbu dhaifu walifanya vilevile. Wazee wenye kumbukumbu nzuri ndio waliotumia pande zote mbili. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ubongo wao uliomba msaada upande wa pili, kama mtu anayebeba mzigo kwa mikono miwili baada ya mmoja kuchoka. Jambo linalofanana na hilo huonekana katika mwendo: mzee anapominya kitu kwa mkono mmoja, pande zote mbili za ubongo huamka kuliko kwa kijana.

Maelezo hayo yanapendeza, na huenda ni kweli kwa sehemu, lakini si wote wanaoyakubali. Wengine wanasema kuamka kwa upande wa pili ni dalili ya ubongo ulioanza kukosa nidhamu, ambao hauwezi tena kunyamazisha sehemu zisizohitajika. Picha peke yake haiwezi kuamua kati ya maelezo haya mawili, kwa kuwa zote mbili zinatabiri rangi ileile mahali palepale.

Elimu inaongeza utata mwingine. Mwaka 1992 Yaakov Stern na wenzake wa New York waliwapima mtiririko wa damu ubongoni wagonjwa wa Alzheimer waliokuwa na dalili za uzito uleule. Waliosoma zaidi walikuwa na upungufu mkubwa zaidi wa damu katika sehemu zinazoshambuliwa na ugonjwa huo. Yaani ubongo wao ulikuwa umeharibika zaidi, lakini maisha yao ya kila siku yalikuwa hayajaonyesha hivyo. Stern aliita jambo hilo akiba ya utambuzi. Si lazima akiba hiyo itoke darasani tu. Kazi inayotumia akili na maisha ya kukaa na watu huhesabiwa pia.

Mwaka 2004 William Klunk na Chester Mathis wa Pittsburgh, wakishirikiana na watafiti wa Uppsala, walichapisha picha za PET za kwanza zilizoonyesha amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer, kwa watu walio hai. Wengi walitumaini kwamba sasa ugonjwa ungetambuliwa kwa picha moja. Lakini muhtasari mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2015 ulikadiria kwamba, miongoni mwa watu wenye akili timamu kabisa, amiloidi hupatikana kwa asilimia 10 wakiwa na miaka 50 na asilimia 44 wakiwa na miaka 90. Wengi wao watakufa kwa sababu nyingine bila kuugua dimenshia.

Habari njema zipo pia. Kirk Erickson na wenzake waliwagawa wazee 120 katika makundi mawili: moja lilitembea kwa bidii siku 3 kwa wiki, lingine lilifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja hipokampasi ya waliotembea ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2, na ya kundi la pili ilikuwa imepungua. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2011. Tafiti zilizofuata hazikupata ongezeko hilo kila mara, ingawa faida ya kutembea kwa moyo na mishipa ya damu haina ubishi.

Picha ya dopamini

Mwaka 1983 Stephen Garnett, Günter Firnau na Claude Nahmias wa Hamilton, nchini Kanada, walitoa picha za kwanza za dopamini katika ubongo wa mtu aliye hai. Walitumia levodopa iliyobebeshwa florini-18. Striatamu iling'aa pande zote mbili, kwa sababu ndipo nyuzi za seli za dutu nyeusi zinapoishia. Kwa mgonjwa wa Parkinson mng'ao hupungua, na hupungua kwa mpangilio: kwanza sehemu ya nyuma ya striatamu, na zaidi upande ulio mkabala na mkono ulioanza kutetemeka. Mkono wa kulia ukitetemeka, upande wa kushoto wa ubongo ndio uliofifia zaidi.

Wakati huohuo, tukio la kusikitisha huko California liliwapa watafiti somo ambalo hawangeweza kulipanga. Mwaka 1982 vijana kadhaa waliokuwa wakitumia heroini ya kutengenezwa kienyeji waliganda ghafla, wakashindwa kusogea wala kusema vizuri, kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba dawa ilikuwa na uchafu uitwao MPTP, ambao huua seli za dutu nyeusi. Baadhi ya watu walitumia dawa hiyo bila kuugua. Mwaka 1985 Donald Calne wa Vancouver na wenzake, pamoja na Langston, walichapisha picha za PET za watu wa namna hiyo: mng'ao wao ulikuwa umepungua kuliko wa watu wa kawaida, ingawa walitembea na kufanya kazi bila shida.

Hapo ndipo ilipothibitika kwa macho kwamba mtu anaweza kupoteza sehemu ya dopamini yake kwa muda bila kujua. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba dalili za mwendo zinapoanza, mgonjwa amekwisha kupoteza takriban nusu ya seli za dutu nyeusi, na dopamini ya striatamu imepungua zaidi ya hapo. Seli zinazobaki huongeza bidii na kuziba pengo. Daktari anapomwona mgonjwa kwa mara ya kwanza, ugonjwa una umri wa miaka kadhaa.

Tangu mwaka 2000 nchi za Ulaya, na tangu 2011 Marekani, zimeruhusu kipimo cha SPECT kinachotumia iodini-123 kuonyesha vibebaji vya dopamini, yaani protini zinazorudisha dopamini ndani ya seli. Picha yake ni rahisi kuikumbuka. Kwa mtu mwenye afya, striatamu mbili hufanana na alama mbili za mkato zinazotazamana. Kwa mgonjwa, mkia wa mkato hupotea na kubaki nukta. Kipimo hiki husaidia sana kutofautisha Parkinson na mtetemeko mwingine wa kawaida unaorithiwa katika familia, ambao humfanya mtu amwage chai anapoinua kikombe lakini hauharibu dutu nyeusi. Hakiwezi kutofautisha Parkinson na magonjwa mengine yanayoua seli hizohizo. MRI nayo imepata alama yake: mwaka 2014 watafiti wa Nottingham walieleza kwamba katika dutu nyeusi yenye afya huonekana umbo kama mkia wa mbayuwayu, wenye panda, na kwamba umbo hilo hutoweka kwa wagonjwa wa Parkinson.

Utafiti wa kushangaza kuliko yote pengine ni ule wa Vancouver wa mwaka 2001, ulioongozwa na Raúl de la Fuente-Fernández. Wagonjwa walichomwa sindano bila kujua kama ilikuwa na dawa au maji ya chumvi tu. PET ilionyesha kwamba waliopewa maji ya chumvi wakitarajia dawa walitoa dopamini yao wenyewe kwa wingi. Matumaini yao yaliuamsha ubongo utoe kile walichotarajia kupewa. Hiyo ndiyo sababu dawa mpya ya Parkinson haiwezi kuaminiwa mpaka ilinganishwe na dawa isiyo na kitu, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa ipi. Na ni sababu nyingine ya kutopuuza maneno ambayo daktari humwambia mgonjwa wake.

Picha inapopingana na mgonjwa

Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la levodopa huko Amerika ya Kaskazini. Wagonjwa 361 waliokuwa mwanzoni mwa ugonjwa walipewa levodopa kwa viwango mbalimbali au dawa isiyo na kitu kwa wiki 40, kisha wakasimamishwa kwa wiki 2. Wakati huo wengi walihofia kwamba levodopa ni sumu inayoharakisha kufa kwa seli, na kwa hofu hiyo madaktari waliichelewesha na wagonjwa wakateseka.

Matokeo yalikwenda pande mbili. Walipopimwa mwendo, wagonjwa waliopata levodopa walikuwa na hali nzuri zaidi, hata baada ya kusimamishwa. Walipopigwa picha za vibebaji vya dopamini, baadhi yao wakiwa wamechaguliwa kwa kazi hiyo, mng'ao wa waliopata levodopa ulikuwa umepungua kwa kasi zaidi. Picha ilisema wanazidi kuumwa na miguu yao ilisema wamepata nafuu.

Ufafanuzi uliokubaliwa na wengi ni kwamba kipimo hicho hakihesabu seli moja kwa moja. Kinahesabu vibebaji, na huenda seli hai hupunguza vibebaji vyake dopamini inapozidi, kama mama anavyopunguza moto sufuria inapotaka kufurika. Swali la sumu lilijibiwa vizuri zaidi mwaka 2019 na jaribio la Uholanzi la wagonjwa 445. Nusu walianza levodopa mara moja na nusu walisubiri wiki 40. Baada ya wiki 80 hapakuwa na tofauti kati yao. Levodopa haikuharakisha ugonjwa wala haikuuzuia. Waliocheleweshewa walikuwa wamepoteza miezi ya nafuu bila faida yoyote.

Jaribio la 2004 lilifunua jambo lingine ambalo halikutafutwa. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 waliopigwa picha, wote wakiwa wamethibitishwa na mabingwa kuwa na Parkinson, walikuwa na picha za kawaida kabisa. Wengi wa watu wa aina hii, wanapofuatiliwa kwa miaka, hubainika kuwa na matatizo mengine ya mwendo. Katika hilo picha iliwasahihisha madaktari.

Mitego ya kusoma picha

Wazee na wagonjwa wa mwendo ni wagumu kupigwa picha, kwa sababu picha inadai kutulia. Mtetemeko hutia ukungu, na mbaya zaidi ni mwendo mdogo usioonekana: imethibitishwa kwamba kichwa kinachosogea kidogo ndani ya MRI hufanya gamba la ubongo lionekane jembamba kuliko lilivyo. Mtafiti asiyejihadhari anaweza kutangaza kwamba ugonjwa umekula ubongo, kumbe amepima kutotulia. Vilevile mishipa ya damu huzeeka, na kwa kuwa MRI ya utendaji hupima damu, tofauti kati ya kijana na mzee inaweza kutoka kwenye mishipa na si kwenye akili.

Ulinganisho wenyewe una mtego. Tafiti nyingi hupima watu wa miaka 20 na watu wa miaka 70 katika mwaka mmoja na kusema tofauti yao ni uzee. Lakini hao ni watu wa vizazi viwili, waliokula vyakula tofauti utotoni, waliougua magonjwa tofauti na kukaa shuleni miaka tofauti. Njia ya kweli ni kumfuata mtu yuleyule anapozeeka; ni ya gharama, na mara nyingi mtafiti naye huwa amestaafu kabla ya majibu kupatikana.

Halafu zipo hesabu. Picha moja ya MRI ina makumi ya maelfu ya vijisehemu, na kila kimoja hupimwa. Ukijaribu mara nyingi hivyo, baadhi yatajibu kwa bahati tu. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki aina ya salmoni ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu na kumwuliza wanahisi nini. Samaki alikuwa amekufa. Bila kusahihisha hesabu, vijisehemu kadhaa vya ubongo wake vilionekana kuamka. Mzaha huo uliwafunza wanafunzi wengi wa takwimu kuliko vitabu.

Afrika ya Mashariki

Utafiti unaojulikana zaidi kuhusu Parkinson katika eneo hili ulifanyika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, bila mashine yoyote ya kupiga picha za dopamini. Wahesabuji walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, na madaktari wakawachunguza walioonekana kuwa na dalili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 na Catherine Dotchin, Richard Walker na wenzao yalikuwa wagonjwa 33, na asilimia 78 kati yao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Mahojiano yaliyochapishwa baadaye yalionyesha kwamba watu waliuita ugonjwa wa kutetemeka, na wengi waliuona kama sehemu ya uzee.

Kwa wagonjwa kama hao, kilichokosekana ni mtu wa kutazama mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, kupima ugumu wa kiwiko, kumwomba mgonjwa agongeshe vidole na atembee hatua kumi, halafu kumjaribu kwa levodopa, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mpaka leo, popote duniani, Parkinson hutambuliwa hasa kwa njia hiyo. Picha huitwa pale daktari anapokuwa na shaka. (Mbegu za upupu, ule unaowasha, zina levodopa ya asili na zimefanyiwa majaribio kama tiba nafuu, lakini kipimo chake hubadilika kutoka mbegu hadi mbegu na si kitu cha kujitibu nacho nyumbani.)

Mashine nazo zinaongezeka. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini Nairobi ilianza kutumia PET mwaka 2018, hasa kwa wagonjwa wa saratani. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wataalamu wa huko pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani waliunganisha MRI ndogo ya tesla 0.05 hivi, iliyotengenezwa kwa sumaku za kudumu zisizohitaji kupozwa kwa heliamu. Lengo lake la kwanza ni watoto wenye kichwa maji, na kwa kazi hiyo picha zake hafifu zinatosha. Kwa dutu nyeusi hazitoshi: mkia wa mbayuwayu hauonekani kwa sumaku ya nguvu hiyo.